Kwa nini damu yangu ilikuwa nyeupe kama tui?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nilikwenda kupimwa damu saa nne asubuhi. Saa moja nilikuwa nimekunywa supu ya mbuzi na chapati mbili. Mpimaji akanionesha kichupa: damu imetuama chini, juu kuna maji meupe kama tui. Akaniambia nirudi kesho bila kula. Nilidhani ini huyashughulikia mafuta kwanza. Yanafikaje kwenye damu namna hiyo?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Sukari ndiyo hupitia ini kwanza. Mafuta ya supu yako yalikwenda njia nyingine kabisa.

Nyongo iliyasambaratisha kuwa matone madogo, kama sabuni kwenye sufuria ya pilau. Kimeng'enya cha kongosho kikayakatakata, vipande vikaingia kwenye seli za utumbo mwembamba. Humo seli iliviunga upya kuwa mafuta, ikayafunga ndani ya ganda jembamba lenye protini. Kifurushi hicho huitwa kilomikroni, nacho ni kikubwa mno kupenya kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu. Lakini ndani ya kila kijinundu cha utumbo, vile vilivyosimama kama vidole, mna mshipa wa limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayopita katika mishipa yake yenyewe, nje ya ile ya damu. Seli za ukuta wake zimepandiana kama vigae. Kilomikroni hupenya hapo.

Mwaka 1622, daktari wa Italia Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyetoka kula, akaona nyuzi nyeupe tumboni. Alizidhania mishipa ya fahamu, mpaka alipotoboa mmoja, ukatoka ute kama maziwa: ilikuwa mishipa hiyo ya limfu, imejaa mafuta. Kila nikishika kichupa kama chako namkumbuka.

Limfu hiyo hupanda kifuani kwa mfereji mmoja, ikamwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Kisha moyoni, na kutoka moyoni hadi mkononi ulipochomwa sindano. Asidi fupi za mafuta tu, zenye mnyororo wa kaboni 10 kushuka chini, ndizo huenda moja kwa moja kwenye ini. Ndiyo maana mgonjwa ambaye limfu inamvujia kifuani hupewa mafuta ya aina hiyo.

Saa 3 hadi 4 baada ya kula ndipo weupe huzidi, nao hutawanya mwanga wa mashine, majibu yakapotoka. Kaa saa 12 bila kula. Maji matupu unaweza kunywa. Ukirudi na damu bado ni nyeupe, usiondoke: omba upimwe trigliseridi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, siku hiyo hiyo, kwani zikipanda sana kongosho huweza kuvimba.