Je, Niongeze Kasi ya Kadi ya Michoro katika Kompyuta Yangu Mpya?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza hivi karibuni kuunganisha kompyuta yangu ya kwanza ya kuchezea gemu. Ina prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya michoro ya GeForce RTX 3060 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, RAM ya gigabaiti 16 na pawa saplai ya wati 650. Mashine ni nzuri, ila katika gemu nzito ninapata fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) 50 hadi 55 kwa sekunde, nami natamani zifike 60. Wenzangu wananihimiza niovakloki kadi, yaani niipandishe kasi kupita ile ya kiwandani. Ninaishi Mombasa, chumba changu hakina kiyoyozi, na nikicheza kwa saa moja kadi hufika nyuzi joto 78. Je, jambo hili ni salama? Nitafaidika kwa kiasi gani? Na dhamana ya kadi itabaki? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa kuunganisha mashine yako mwenyewe. Kupandisha kasi ya kadi kwa kutumia programu ni salama ukienda polepole na kupima kila hatua, lakini faida yake kwa kadi za siku hizi ni ndogo kuliko wenzako wanavyodhani, na kwa chumba chenye joto kama chako ningekushauri uanzie upande wa pili kabisa, yaani kupunguza volteji.

Sifa ya ovakloki ilijengwa katika miaka ambayo viwanda viliacha akiba kubwa ndani ya kadi. GeForce GTX 460, iliyotoka mwaka 2010, iliuzwa ikiwa na kasi ya megahezi 675, na wengi waliifikisha 800 bila taabu, nyongeza ya karibu asilimia 19. Mwaka 2012 kampuni ya NVIDIA ilitoa GTX 680 ikiwa na mfumo wa GPU Boost, ambao huiwezesha kadi kujipandisha kasi yenyewe kila mara joto, volteji na matumizi ya umeme vinaporuhusu. Ndiyo maana kadi yako, ambayo kwenye maelezo ya kiwanda imeandikiwa megahezi 1777, mara nyingi utaiona ikipita 1850 ndani ya gemu kabla hujaigusa. Ukiongeza megahezi 100 juu ya 1900, umeongeza asilimia 5 na kidogo. Fremu zako 55 zitakuwa 57 au 58, tena kwa sharti kwamba kadi ndiyo inayokukwamisha.

Sharti hilo ndilo la kuchunguza kwanza. Pakua MSI Afterburner, programu ya bure inayofanya kazi hata kwa kadi za watengenezaji wengine, na uiweke ionyeshe matumizi ya kadi kwenye skrini wakati unacheza. Yakisimama kwenye asilimia 97 hadi 99, kadi imefika mwisho wa uwezo wake. Yakiwa asilimia 70 na hali fremu hazipandi, wala hukuziwekea kikomo, basi kinachochelewesha ni prosesa au RAM, na kuongeza kasi ya kadi hakutakupa chochote. Katika kompyuta mpya kosa la kawaida ni RAM ya megahezi 3200 kuendeshwa kwa 2133 au 2400 kwa sababu mpangilio uitwao XMP, unaoiwezesha RAM kufikia kasi iliyoandikiwa, haujawashwa katika BIOS, programu ya msingi inayoamsha kompyuta. Jingine ni kuweka kipande kimoja cha gigabaiti 16 badala ya viwili vya gigabaiti 8, au kuviweka viwili kwenye nafasi zisizo zake. Katika bodi mama nyingi zenye nafasi nne za RAM, zinazotakiwa ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kagua hayo kwanza, kwa maana hayana gharama na mara nyingine hurudisha zaidi ya kile ambacho ovakloki ingekupa.

Sasa tuzungumzie joto, ambalo kwako ndilo jambo kubwa. Kadi yako ikikaribia nyuzi 83 huanza kujipunguzia kasi ili ijilinde, na hata kabla ya hapo huwa inashuka kidogo kidogo kadiri inavyopata joto. Kwa hiyo nyuzi 78 si hatari, ila zimekuachia nyuzi tano tu. Takwimu nyingi unazozisoma mtandaoni zimepimwa katika vyumba vya nyuzi 21 au 22, ilhali Mombasa mwezi Februari na Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33. Joto la kadi hupanda karibu sawasawa na joto la hewa inayoingia, hivyo mtu aliyepata nyuzi 68 kwao angepata karibu 79 chumbani kwako kwa kadi ileile. Usijilinganishe naye. Fungua ubao wa ubavuni wa kasha, cheza kwa dakika 20, kisha usome joto upya: likishuka kwa zaidi ya nyuzi tano, tatizo liko kwenye mzunguko wa hewa ndani ya kasha, na feni mbili za kuingiza hewa mbele pamoja na moja ya kuitoa nyuma zitakufaa kuliko mpangilio wowote wa programu. Usisahau pia kwamba vumbi la pwani hubeba chumvi na unyevu, hushikamana na mapezi ya kupozea kuliko vumbi la bara, na linahitaji kuondolewa mara kwa mara.

Ukiisha kutengeneza hewa na bado ukataka kujaribu, utaratibu ni huu. Katika Afterburner sogeza Power Limit (kikomo cha umeme) na Temp Limit (kikomo cha joto) hadi mwisho unaoruhusiwa. Katika baadhi ya RTX 3060 kikomo cha umeme kimefungwa, usijaribu kukifungua. Umeme wenyewe haupaswi kukutia hofu, kwa kuwa kadi hii imepangiwa wati 170, na nafasi yake kwenye bodi mama pamoja na plagi moja ya pini nane zinaweza kutoa wati 225, mradi pawa saplai yako ni ya ubora. Kisha ongeza Core Clock (kasi ya chipu ya kadi) kwa megahezi 25 kila mara, na baada ya kila nyongeza endesha jaribio zito kama Unigine Superposition kwa dakika kumi. Ukiona madoa ya rangi, mistari isiyo mahali pake, skrini kuzimika kidogo na kurudi, au gemu kufungika ghafla, rudi nyuma megahezi 25 au 50. Kadi nyingi za aina hii huishia kati ya nyongeza ya 100 na 150. Usiamini jaribio moja tu. Cheza gemu zako za kawaida kwa siku kadhaa, kwa sababu kasi inayostahimili jaribio inaweza kushindwa katika gemu inayotumia miale ya mwanga. Mpaka hapo usiiruhusu programu iweke mpangilio huo kompyuta inapowaka. Kwa njia hiyo, likitokea lolote, kuzima na kuwasha kunairudisha kadi kama ilivyotoka kiwandani.

Kumbukumbu ya kadi ina mtego wake. Memory Clock (kasi ya kumbukumbu hiyo) huweza kuongezwa kwa mamia ya megahezi bila dosari yoyote kuonekana, kwa kuwa kumbukumbu ya GDDR6 ina njia ya kugundua data iliyoharibika njiani ili itumwe upya. Kila kinachotumwa upya hula muda, hivyo unaweza kuwa umeongeza namba na kupunguza fremu. Panda kwa 100 na uandike alama za jaribio kila mara. Alama zikiacha kupanda au zikianza kushuka, hapo umepita mpaka.

Hata hivyo, njia ambayo ningeichagua mimi kwa chumba chako ni ile ya volteji. Sehemu kubwa ya umeme unaoliwa na chipu hulingana na kasi yake mara volteji mara volteji, kwa hiyo kupunguza volteji kidogo huokoa mengi: ukitoka volti 1.05 hadi 0.90 kwa kasi ileile, hesabu hiyo inakupa upungufu wa zaidi ya robo. Bonyeza Ctrl na F katika Afterburner, upate mchoro wa volteji na kasi. Inua nukta ya milivolti 900 hadi karibu megahezi 1850, hakikisha nukta zote za kulia kwake hazipiti kasi hiyo, kisha jaribu kama nilivyoeleza. Ikishindwa, shusha hadi 1800. Kadi nyingi hustahimili kiwango hiki au jirani yake, joto hushuka, feni hutulia, na kasi haiyumbi baada ya saa nzima ya mchezo. Fremu tano zilizobaki zitafute kwa kupunguza ubora wa vivuli kwa ngazi moja, badiliko ambalo macho hayatalitambua wakati unacheza.

Kuhusu dhamana, soma masharti ya mtengenezaji wa kadi yako, kwa kuwa mengi hayalipii uharibifu uliotokana na kuendesha kadi nje ya viwango vyake. Afterburner haiandiki kitu ndani ya kadi, lakini kubadilisha BIOS ya kadi (programu ya msingi iliyomo ndani ya kadi yenyewe) au kufungua feni na kubandua vibandiko vya skrubu huacha alama ambayo fundi wa mtengenezaji ataiona. Mambo hayo mawili usiyaguse hadi muda wa dhamana uishe.