Sarafu au kadi za wachezaji? Jibu langu kwa kijana wa Igoma

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Igoma, Mwanza, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kuanza kukusanya vitu vya thamani. Nasikia kadi za wachezaji, zile zenye picha zao, ndizo zenye watu, sarafu ni za wazee. Nianze na kipi?"

Swali hilo limenitonesha kidonda.

Mimi nilianza na sarafu. Bibi yangu wa Ukerewe aliniachia kopo: senti tano za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye uzi, senti ishirini za 1966 zenye mbuni, na heller moja ya Mjerumani ya 1908, yenye taji. Heller hiyohiyo iliyotuachia neno hela. Ilikuwa nyeusi tii, nikaona haifai kuonyeshwa kwa watu. Nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikawa nyekundu, inameremeta. Nikaipeleka kwa mnunuzi mmoja maeneo ya Makoroboi. Akaigeuza mara moja, akaisukuma kwangu: "Umeiosha pamoja na bei yake."

Nilishuka hadi Kamanga kwa miguu, sioni njia.

Kwa hasira nikahamia kwenye kadi. Ilikuwa 2022, kadi ya Mickey Mantle ya 1952, yule mchezaji wa besiboli, imeuzwa dola milioni 12.6, na mimi nikaamini huko ndiko kwenye pesa. Nikanunua kadi moja ya mwanasoka kwa mtu wa mtandaoni, laki moja na themanini. Ilipofika, watoto wa Kirumba waliishangaa sana. Mnunuzi hakutokea hata mmoja. Masika ilipoingia, unyevu wa ziwa ukaikunja kama jani kavu la mgomba.

Ndugu zangu, Marekani kadi zina watu kwa sababu zilianzia kwenye pakiti za sigara, zikaja kwenye bazoka za kutafuna. Babu alizibadilishana shuleni, baba naye, mtoto naye. Sisi utoto huo hatukuwa nao. Sisi tuna makopo ya bibi. Tena kelele za watu na bei ni mambo mawili: sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani, ya 1933, iliuzwa dola milioni 18.9 mwaka 2021, ikaipita hata hiyo ya Mantle.

Kwa hiyo anza na kilicho karibu nawe. Keti na wazee, waulize, wasikilize. Usikimbilie cha mbali kwa sababu kinasemwa sana. Funga kila sarafu kwenye karatasi yake, ikae pakavu. Na usioshe. Narudia, usioshe.

Nilimjibu hivyo. Jana usiku akanitumia picha: shilingi tano ya 1972, ile ya pembe kumi, ameitoa kwenye sanduku la mama yake. Chini yake ameandika, "Kaka, ina uchafu kidogo, niipitishie dawa ya meno?"

Nikampigia simu palepale.