Kusafisha fomati za maelezo ya draiva siyo urembo, mimi ilinilaza chumba cha seva

Mkuu mleta uzi, umesema umeona kwenye historia ya Git (daftari la mabadiliko) ya kerneli ya Linux, yani kiini cha mfumo, pachi (furushi la mabadiliko) ya draiva, ile programu inayoendesha kifaa, ya kontrola ya diski ambayo haijagusa kodi ya programu hata mstari mmoja, imebadilisha nafasi na vichwa tu kwenye faili la maelezo, sasa unauliza hiyo nayo ni kazi au watu wanatafuta jina. Na mdau pale juu kakujibu ni "kupaka rangi ukuta wa nyumba ya jirani". Nimecheka sana, ila mimi hiyo rangi ilishanikesha, ngoja nisimulie.

Sehemu niliyokuwa nafanya kazi hapa Dar (jina baki nalo mwenyewe) tulikuwa na seva ya kuhifadhia mafaili, ina kontrola ya SAS (kadi inayounganisha na kuendesha diski) na diski 12. Diski moja ikafa, jambo la kawaida tu. Utaratibu wake unaanza kuitoa ile diski kwenye kerneli, unaichomoa, unachomeka mpya, afu unaiambia kontrola ipige msako upya. Komandi ni hizi mbili basi:

    echo 1 > /sys/block/sdb/device/delete
    echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host0/scan

Vile vistari vitatu maana yake chaneli yoyote, tageti yoyote, LUN yoyote (hizo ni sehemu za anwani ya diski), yani saka kote. Maelezo yetu yalikaa kwenye faili la maandishi matupu miaka na miaka bila shida. Akaja dogo mmoja, tena kwa nia njema kabisa, akayahamishia kwenye Sphinx, programu ya kugeuza maandishi kuwa kurasa za wavuti, ili yasomeke vizuri kwenye brauza. Akabandika yalivyo, akaona ukurasa una vichwa vikubwa na rangi, kazi imeisha.

Sasa Sphinx ina tabia zake. Mistari miwili iliyofuatana bila mstari mtupu katikati kwake hiyo ni aya moja, inaiunganisha. Na kwa mipangilio yake ya kawaida ikikuta alama za nukuu ndani ya aya inazipindisha ziwe zile nzuri za kwenye vitabu. Kwahiyo saa nane usiku nimefungua ukurasa, nimekopi, nimepesti, shell (programu inayopokea komandi) ikaona echo moja ndefu yenye mishale miwili, ikagoma. Nikasema ah hizi ni mbili zimeungana, nikazitenganisha. Ya kwanza ikapita, diski ikaondoka. Ya pili:

    echo: write error: Invalid argument

Nikarudia. Vilevile. Nikachomoa diski nikairudisha, nikabadilisha tundu, nikachomoa kebo nikapuliza (usiniulize napuliza nini), wapi. Alfajiri nikaiwasha seva upya na watu wameshaanza kuingia kazini, diski ikaonekana maana inapowaka inasaka yenyewe, basi nikaandika kwenye ripoti kwamba kontrola ina walakini. Ikabaki kidogo tu inunuliwe nyingine! Wiki mbili mbele ikafa diski ya pili, zamu ikawa ya mshkaji wangu ambaye hana habari na kopi pesti, akaandika komandi kwa mkono, ikakubali papo hapo. Ndo tukakaa kuangalia herufi kwa herufi. Alama za nukuu zilizopinda shell haizitambui, inazipitisha kama herufi za kawaida, kerneli inaletewa kistari kilichogandwa na alama mbele yake, inakataa, na ina haki. Kontrola haikuwa na kosa lolote.

Dawa yake ilikuwa nukta pacha mbili. Yani unaandika :: mwisho wa sentensi iliyotangulia, unaacha mstari mtupu, unasogeza komandi ndani, na Sphinx inajua hapa haigusi kitu. Hiyo ndo "fomati" unayoisikia mkuu.

Turudi kwenye kerneli. Maelezo yake yalianza kuhamia Sphinx na reStructuredText (rst, mtindo wa alama ambao Sphinx inausoma) toleo la 4.8, mwaka 2016, ila folda ya Documentation/scsi, yenye maelezo ya draiva za aina hii, ilikaa na mafaili ya .txt mpaka 2020 ndo yakageuzwa .rst kwa mkupuo. Mengi yaliandikwa zamani na watu waliokuwa wanapanga safu kwa jicho lao kwenye skrini yao, wengine kwa nafasi, wengine kwa tabu (ile ya kwenye kibodi, japo na tabu yenyewe ipo). Huwezi kumlaumu mtu, wakati ule yalikuwa yanasomwa kama maandishi tu. Kuyageuza kwa mkupuo kunakuachia makombo, na makombo hayo ndo pachi kama ile uliyoiona inayaokota.

Chukua faili la aic7xxx, draiva ya kadi za Adaptec za zamani. Lina jedwali la chipu, kila chipu na basi yake, kasi yake, upana wake, na safu ya mwisho ina tarakimu tupu, 1, 2, 3 na kuendelea. Tarakimu hizo zinaelekeza kwenye orodha iliyo chini ya jedwali, ambako 1 ni kontrola moja inayohudumia basi mbili, na 2 ni kontrola mbili ndani ya chipu moja. Unaona mtego? Ile orodha ikivunjika ikaanza kuhesabu upya katikati, au tarakimu ikasogea mstari mmoja, jedwali linabaki linapendeza kabisa na linadanganya kabisa. Humohumo kuna mfano wa mstari wa mipangilio ya moduli wenye mabano yale yenye kiuno, moja ndani ya lingine, na alama zake kati, ambao unaweka foleni ya diski moja ya kontrola moja iwe 10. Pale kila alama ina hesabu yake, ukirekebisha kwa mazoea ya uandishi mzuri umempangia mtu diski siyo.

Makosa mengine ni madogo na hayana hadithi. Mstari wa chini ya kichwa ni mfupi kuliko kichwa chenyewe, Sphinx inalalamika. Jina linaloishia na kistari cha chini, mfano sg_, linadhaniwa ni kiungo cha kwenda sehemu isiyokuwepo. Kinyota cha pointa ya C (lugha ya programu iliyoandikiwa kerneli) kinadhaniwa kinaanzisha maandishi ya mlalo, kinatafuta mwenzake wa kufungia hakimuoni. Hizi zinakuja kama onyo ukijenga, unazifuata moja moja. Ila kubali kwamba onyo siyo ugonjwa. Wengi wanatafuta njia ya haraka ya kulinyamazisha, wanasogeza mstari ndani kidogo, onyo linapotea, na orodha iliyokuwa ya ngazi moja imekuwa ya ngazi mbili bila mtu kukusudia. Kosa letu la nukuu halikutoa onyo hata moja, kumbuka hilo.

Mimi nilichofanya, nikachagua faili la hpsa kwasababu kadi zenyewe, zile Smart Array za HP, tunazo kazini na nimezishika. Hii nakushauri sana, chagua draiva ya kitu ulichonacho. Pale kuna maelezo ya faili la rescan chini ya /sys/class/scsi_host, unaandika ndani yake draiva inasaka diski mpya na zilizoondolewa, mimi nikawa nasoma huku seva ya majaribio iko pembeni najaribu kweli. Kujenga huna haja ya kujenga maelezo ya kerneli nzima, utazeeka:

    make SPHINXDIRS=scsi htmldocs

Matokeo yanakaa Documentation/output. Unajenga kabla hujagusa kitu unaweka kopi pembeni, unajenga baada, unafungua kurasa mbili sambamba unalinganisha kwa macho yako. Afu git diff -w, inaficha mabadiliko ya nafasi, kinachobaki ni herufi ulizogusa kweli, na kila herufi iliyobaki pale uwe na maelezo yake. Mimi pachi yangu ya kwanza nilijiona mtaalamu, nikapanga safu, nikarekebisha tahajia, nikaongeza na sentensi yangu moja ya ufafanuzi, vyote kwenye furushi moja. Nikaambiwa kistaarabu tu nigawe, nafasi peke yake, tahajia peke yake, maneno mapya peke yake. Nilinuna. Baadae nikaelewa, mkaguzi anapoona mistari 60 imebadilika nafasi hawezi kuuona ule mmoja uliobadilika maana yake, na wao kazi yao ni kuutafuta huohuo. Tena nilivyogawa nikagundua mwenyewe nimeshusha neno moja la jedwali kwenye safu ya jirani, nalo lilikuwa limejificha humo.

Na usipitilize mapambo. Mwongozo wenyewe wa kerneli unasema usizidishe alama za rst, maana watu wengi bado wanafungua yale mafaili kwa less (komandi ya kusomea maandishi) kwenye terminali, hasa seva ikiwa imelala na hakuna brauza. Ukiweka alama kila neno umemsaidia wa brauza ukamuumiza wa less, na wa less ndo mwenye shida saa hiyo.

Kuhusu kutuma, pitisha scripts/checkpatch.pl ikague makosa, scripts/get_maintainer.pl itakwambia wa kuwatumia ni nani, weka mstari wa Signed-off-by (sahihi yako) kwa jina lako, na tuma kwa git send-email. Narudia, git send-email. Mimi nilibandika pachi kwenye Gmail ya brauza nikatuma, na Gmail ya brauza inageuza tabu zote kuwa nafasi na inakata mistari mirefu. Kwahiyo pachi iliyokuwa inarekebisha nafasi na tabu ilifika nafasi na tabu zimeharibika, na jibu la kwanza kabisa nililopata kutoka kwa watu wa kerneli lilikuwa la mstari mmoja, kwamba haiingii.