Paka na safari ya Ujerumani

Dada, umesema mwezi ujao unatoka Arusha kwenda kujitolea Ujerumani mwaka mzima, na unauliza kama unaweza kupanda ndege na paka wako. Kwa mwezi mmoja, haiwezekani. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti. Paka anawekwa kwanza chipu (kifaa kidogo cha utambulisho chini ya ngozi), ndipo achanjwe kichaa cha mbwa. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo anatolewa damu, ikapimwe kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja huo, halafu mnasubiri miezi 3 tangu siku ya kutoa damu. Ukimchanja kabla ya chipu, chanjo hiyo haihesabiwi.

Mimi ningemwacha kwa mama. Paka ni mtu wa nyumbani, theluji haimhusu (wangu hata kupanda bajaji kulimtia kiwewe). Mwachie mama kadi ya chanjo na utume hela ya dagaa kila mwezi, bila kukumbushwa.

Ukiamua akufuate baadaye, asipewe dawa ya usingizi: angani inaweza kuvuruga pumzi na moyo. Afadhali azoee kulala kwenye kizimba chake kuanzia sasa, mlango ukiwa wazi.