Access kwa aliyezoea PostgreSQL

Ndugu, kama umeandika programu miaka kumi na bado Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, inakutoa jasho, huenda umeanzia VBA, lugha yake ya kuandikia programu. Iache kwanza, anza na fomu, yaani skrini ya kujazia data. Fomu iliyounganishwa na jedwali huhifadhi rekodi yenyewe mara unapohamia nyingine, hubonyezi chochote. Hapo ndipo wengi tunapopotea (mimi nilitafuta kitufe cha kuhifadhi nusu siku nzima!). SQL yake (lugha ya kuuliza data) nayo ina lahaja yake: tarehe huzungushiwa alama za #, na LIKE, ya kutafuta maandishi yanayofanana, kwa kawaida hutumia * badala ya % uliyoizoea kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Faili haizidi GB 2. Watumiaji wakiwa wengi, igawe mapema: majedwali kwenye seva ya ofisi, fomu kwenye kompyuta ya kila mmoja.