Kesi ilishafutwa mahakamani, niiandike tena kwenye fomu ya serikali?

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Marekani na ni raia wa huku, nimepata kazi ya kompyuta kwenye kampuni yenye tenda za serikali ila lazima kwanza nipate kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, ngazi ya Secret. Sasa miaka mitano nyuma nikiwa na miaka 19 nilishikwa dukani na hedifoni nimezificha ndani ya jaketi. Polisi wakaja, nikachukuliwa alama za vidole, mahakamani nikakiri nikapigwa faini. Baadaye wakili akaomba rekodi ifutwe, ikafutwa, akanambia kuanzia leo mtu akikuuliza sema hujawahi kushikwa. Leo nimefungua fomu ya SF-86, ile ya kuombea hicho kibali, kifungu cha 22 wanauliza habari za polisi, na rafiki yangu anasema weka hapana tu maana hawataona kitu. Mama yangu hajui mpaka leo. Na nina tiketi ya spidi ya dola 180, nayo niiandike?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Weka ndiyo.

Najua roho inadunda ukisoma hivo, lakini rudi kwenye hicho kifungu cha 22 usome yale maelezo ya juu kabisa ambayo wengi wanayaruka, yanasema utaje hata kama rekodi ilifungwa, ilifutwa au kesi ilitupwa. Wameacha mlango mmoja tu, kesi fulani za dawa za kulevya za sheria ya shirikisho zilizofutwa kwa amri ya mahakama, na yako si hiyo. Wanauliza miaka 7 nyuma, wewe una mitano, kwahiyo umo ndani. Tena kuna maswali mengine hapo hayana cha miaka 7, yanauliza kama imewahi kutokea maishani mwako: mashtaka ya makosa makubwa, ya silaha, ya pombe au dawa, hayo hata yawe ya zamani vipi yanaandikwa. Tiketi ya spidi achana nayo, faini ya barabarani chini ya dola 300 isiyohusu pombe wala dawa hawaitaki.

Wakili wako simlaumu. Kwa mwajiri wa kawaida, kwenye majimbo mengi alichokwambia ni sawa, ila serikali kuu inauliza swali lake yenyewe na kufutwa jimboni hakukupi ruhusa ya kujibu hapana. Na huyo rafiki anayesema hawataona, mwambie zile alama za vidole ulizochukuliwa zinaweza kuwa bado ziko FBI, na wapelelezi wana njia nyingi za kufika huko.

Sasa hili ndo naomba ulishike. Wanaoamua wanatumia mwongozo wa mwaka 2017 wenye vipengele 13, wanamwangalia mtu mzima mzima, na kosa dogo la ujana ambalo halijarudiwa, faini imelipwa, mtu kasoma yuko kazini, kwenye mwongozo huo huo limewekewa nafasi ya kusamehewa. Uongo ndo unaua. Ukidanganya kwa makusudi kwenye fomu umefungua kipengele kingine kabisa, cha uaminifu, na hedifoni za miaka mitano zinageuka jambo la mwezi huu, tena ni kosa la jinai lenye kifungo hadi miaka 5. Unatoka kwenye faini unaingia kwenye jela, kwa lipi jamani?

Niliwahi kukaa na binamu yangu meza moja akijaza fomu kama hiyo, ile sehemu ya maelezo kaandika sentensi moja, "ilikuwa kutoelewana tu", nikamwambia futa. Aliyeiba aseme niliiba. Wewe andika mwezi na mwaka, mji, polisi wa wapi, mahakama gani, shtaka liliitwaje, kwamba ulikiri, faini kiasi gani na ililipwa lini, rekodi ikafutwa lini, halafu mstari mmoja kwamba lilikuwa kosa lako na hujarudia. Usimtupie mtu lawama, usiongeze chumvi. Mpelelezi akikuita umwambie hivo hivo ulivyoandika. Na kama kuna msomaji mwingine ameshatuma akiwa ameweka hapana, asisubiri kuulizwa, aombe kurekebisha leo, maana kujisahihisha mwenyewe kabla hawajakubana kunahesabiwa upande wako.

Kuhusu mama, fomu haiendi kwake. Ila mwongozo unaangalia pia kama kuna jambo unalificha ambalo mtu anaweza kulitumia kukubana ufanye anachotaka, na siri unayomficha mama yako ni kamba ya namna hiyo, ndogo lakini ni kamba. Mi ningekuwa wewe ningemwambia wikiendi hii, ataumia kidogo, pengine atanuna siku mbili, lakini afadhali alisikie kwako.

Kabla hujabonyeza kutuma mpigie yule wakili. Usimuulize tena ujibu nini, muulize kama faili lako bado analo, maana kesi iliyofutwa mahakama inaweza isikupe karatasi na hizo tarehe utazihitaji zote.