Usiendelee kubeti hiyo A na 7 hadi karata ya mwisho

Ssebo, simama hapo hapo. Unasema Ijumaa unaenda kukaa kwenye meza ya poka Kampala, na ukishika A na 7 huku A nyingine imetoka mezani, utabeti flopu, yaani karata tatu za kwanza mezani, kisha ya nne na ya tano "ili ujue umesimama wapi". Nani kakudanganya? Maneno hayo nayajua, niliyalipia.

Nilishika K na 10, zote kopa. Blaindi, zile beti za lazima za kuanzia, shilingi 5,000 na 10,000. Nikapandisha hadi 40,000, akafuata mzee mmoja tu, mfanyabiashara wa Kikongo anayeongea Kingwana, Kiswahili cha kwao, taratibu huku anakunywa chai yake. Flopu ikaja K ya shupaza, 8 ya shupaza, 4 ya uru. Nikabeti 60,000, akafuata. Hapo ni sawa kabisa: mwenye 8 atalipa, mwenye K na 9 atalipa, mwenye shupaza mbili atalipa akisubiri shupaza ya tano. Karata ya nne ikawa 7 ya uru. Nikaweka 140,000. Mzee akahesabu chipu zake mbili mbili, akazisukuma bila kunitazama. Karata ya tano: J ya shupaza.

Mezani kuna karibu laki tano. Sasa niambie, baada ya J ile, nani mwenye karata mbovu kuliko zangu atalipa 300,000? Mwenye 8 anatupa. Mwenye K na 9 anakuna kichwa, kisha naye anatupa. Wanaobaki ni mwenye flashi (shupaza tano), mwenye K na J, mwenye 8 tatu. Wote wananipiga! Nikabeti 300,000. Mzee akaweka kikombe chini, akasukuma zote, 850,000. Nikafuata kwa sababu nilishaweka nyingi. Akafunua A na 6 za shupaza. Mkono mmoja, 1,090,000 zimekwenda. Ningecheki, yaani kupita bila kubeti, angebeti yeye, ningetupa na kupoteza 240,000 tu. Tofauti hiyo ni rolex, zile chapati za mayai, za asubuhi kwa mwaka mzima, na mayai ya kuongeza.

Aliyetufundisha upuuzi huu alikuwa anauza masomo kwa WhatsApp. Alituaminisha kwamba beti ni swali na mpinzani akijibu umepata habari. Habari gani ya laki tatu, inayokufikia pesa zikishaondoka? Nilipomrudia alijibu "ndio mchezo", na wiki ile ile akawa anapokea wanafunzi wapya. Inaniuma mpaka leo. Meza zetu watu hufuata sana na kupandisha mara chache. Mtulivu akikupandishia kwenye karata ya tano, huo si mkwara, anazo.

Kwa hiyo kabla mkono haujagusa chipu, taja kimoyomoyo karata tatu mbovu kuliko zako ambazo zitalipa. Zitaje kwa majina: A na 5, K mbili, shupaza zinazosubiri. Ukizikosa, gonga meza upite.

Uliuliza pia uingie na chipu za kiasi gani na siku zipi meza hujaa; wengine watakujibu. Mimi nakuomba hiyo A na 7 tu: beti flopu, karata ya nne gonga meza, na ya tano akibeti kidogo mlipe. Akibeti nyingi, tupa.